Kidole cha Mkwe

Kokoto alizovunja yule bibi maishani mwake, ukizimwaga njiani, zingetosha barabara ya kwenda mwezini, na zikabaki za kutandaza uani kwa mwenyeji wa huko asikanyage tope. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bibi Kokoto, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kutumiwa na serikali peke yake.

Alianza kupiga nyundo akiwa mke mchanga, akaendelea akiwa mjane, na siku aliponyoosha mgongo apumzike akagundua kwamba mawe nayo yalikuwa yakimvunja yeye kimyakimya. Yalikuwa yamemla vidole. Si kwamba vimekatika; vilikuwepo vyote, kila kimoja mahali pake. Lakini ile michoro ambayo kila mja huzaliwa nayo kwenye ncha za vidole ilikuwa imefutika yote. Vidole vyake vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Mimi nikiiba polisi hawanipati," alikuwa akijigamba. "Shida ni kwamba mtaani kwetu hakuna cha kuiba."

Utani huo ulikuja kumtokea puani serikali ilipoanza kutoa ruzuku kwa wazee wasio na mbele wala nyuma. Masharti hayakuwa mengi. Unafika ofisi ya kata, unapigwa picha, unaweka kidole kwenye kioo kidogo kinachowaka taa. Taa ikiwa ya kijani, umeingia kwenye rejista. Ikiwa nyekundu, na kile kioo kikalia kama kifaranga aliyekanyagwa, basi rudi nyumbani. Bibi Kokoto aliweka gumba, kifaranga kikalia. Akaweka cha shahada, kikalia. Alimaliza vidole vyote kumi, akauliza kama vya miguu vinaruhusiwa.

Aliyekaa nyuma ya kile kioo alikuwa karani wa kata, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingekata nyama. Na karani huyo, kwa mapenzi ya Mungu na ya binti yake Bibi Kokoto, alikuwa mkwewe. Ameoa mtoto wake wa pekee.

Karani alikwisha kuona vidole vya namna ile. Mjini kwao walikuwepo wavunja mawe wengine, na alikuwepo Dobi, mzee aliyefua nguo za watu hadi sabuni ikamfulia na mikono. Kwa watu kama hao kompyuta ilikuwa na kitufe chake: unabonyeza, taarifa inakwenda makao makuu, nao wataamua. Karani alikibonyeza kwa wazee wa kwanza. Makao makuu hawakujibu. Akaandika barua, akapiga simu, akaambiwa asubiri, na wale wazee wakasubiri, na mmoja wao akasubiri mpaka akazikwa.

Basi zamu ya mama mkwe wake ilipofika, Karani alitazama kushoto, akatazama kulia, akaulaza mkono wa bibi juu ya mkono wake, akasukuma gumba lake mwenyewe chini kwenye kioo. Kijani.

Aliyeona aliona kijana mwenye adabu anamsaidia mzee anayetetemeka. Na Bibi Kokoto, ambaye hajawahi kutetemeka hata mbele ya baruti, akaelewa hapohapo, akaanza kutetemeka kwa ustadi.

Baada yake akaja Dobi, kisha wavunja mawe, kisha mafundi wa kila aina ambao kazi imewalamba vidole. Akaja mpaka Fundi Saa, mzee mpweke asiye na mke wala mtoto, aliyechezea vyuma na mafuta hadi ngozi ikawa kama karatasi ya kufungia maandazi. Wote waliingia kwa gumba lile lile. Na kila siku ya malipo Karani alisimama pembeni ya dirisha, anawashika mikono mmoja mmoja, taa inawaka kijani, wanakwenda zao. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakumwona Karani. Chake kililisha mtaa.

Bibi Kokoto alimpenda mkwe huyo kupita kiasi cha kawaida cha wakwe. Na mapenzi yakazidi mwaka uliofuata, baada ya kumzika Fundi Saa, pale Karani alipoleta mabati mapya akaezeka chumba cha bibi kilichokuwa kinavuja kama chujio. Mvua ikinyesha, Bibi Kokoto alikuwa halali usingizi. Anasikiliza tu inavyogonga na kushindwa.

"Mkwe wa dhahabu," aliwaambia majirani, hasa wale wenye wakwe wa bati.

*

Kisha ukaja mfumo mpya.

Zamani kila rejista ilikaa peke yake kama mke mwenza: ya wazee haisemi na ya yatima, ya yatima haisemi na ya walemavu, na ya vifo haisemi na yeyote. Sasa zote ziliunganishwa, na mtambo mmoja makao makuu ukapewa kazi ya kulinganisha kila kidole na kila kidole. Siku ulipowashwa tu, ukapiga kelele: katika kata fulani, mtu mmoja anakula kwa midomo mingi.

Siku ya malipo, dirisha likakataa wazee wote wa lile gumba. Taa haikuwa kijani wala nyekundu. Ilikuwa ya manjano, rangi ambayo hawajawahi kuiona, na maandishi yakasema wamesimamishwa mpaka wahakikiwe. Mkaguzi anakuja kutoka makao makuu. Wote wafike ukumbini.

Jioni kabla ya siku hiyo Karani alikwenda kwa mama mkwe wake pamoja na mkewe. Alikaribishwa kiti, akakaa ukingoni kama mtu aliyepanda kitu cha kukodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda tangu juzi?"

"Mama, kesho mtaulizwa." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Kila mmoja aseme aliweka kidole chake, mashine ikakubali. Basi. Wakijaribu tena ikikataa, semeni mikono imezeeka. Mkisema wote sauti moja, lawama itakwenda kwa mashine ya zamani."

"Na ruzuku?"

"Itarudi."

"Lini?"

Binti akamjibia mumewe, amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Mama, wewe unauliza ruzuku. Mimi nauliza baba wa wanangu atalala wapi keshokutwa. Kidole kile alikiweka kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu," Bibi Kokoto alisema.

"Basi."

"Sijasema nitakataa, mwanangu. Nimeuliza tu. Mzee akiuliza chakula ameonekana mlafi, asipouliza ameonekana maiti."

Hakuna aliyecheka. Karani alipoinuka aliyatazama mabati juu, akayatazama muda mrefu, akaaga. Bibi Kokoto akadhani anakagua kama misumari imelegea.

*

Ukumbi wa kata ulikuwa na viti vya plastiki na pangaboi moja lililozunguka pale tu lilipojisikia. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Watu walitarajia simba. Lakini alizunguka ukumbi mzima akiwaamkia wazee mmoja mmoja, jambo lililowatia hofu zaidi.

"Huyu hatari," Dobi alimnong'oneza Bibi Kokoto. "Anayekuchinja kwa shikamoo huwezi hata kumtukana."

"Nyamaza wewe, sabuni."

"Ninyamaze nini? Mimi nimeshajifunza maneno yangu. 'Niliweka kidole, mashine ikakubali.' Nimeyasema tangu asubuhi mpaka mke wangu kaniuliza kama naumwa."

Mkaguzi akaweka kompyuta mezani na kile kioo pembeni yake. Karani alikaa kwenye kiti cha ukutani pamoja na watumishi wengine wa kata, shati limenyooka, uso umekunjamana. Binti alikuwa dirishani, nje, pamoja na watu waliokuja kutazama.

"Wazee wangu," Mkaguzi alisema, "nitasema wazi. Kule makao makuu wenzangu wanaamini nyie hampo. Wanaamini ni majina ya hewa, na nyuma yake yupo mwizi mmoja."

"Hewa?" Dobi akasimama. "Mama, njoo unibonyeze. Hewa gani ina ngiri?"

Ukumbi ukacheka, hata Mkaguzi akatabasamu. Akawaita kwa majina, na kila mmoja akaja mbele, akalinganishwa na picha yake. Walikuwepo. Akawaomba waweke vidole. Kifaranga kikalia, kikalia, kikalia, mpaka mtu akaanza kukihurumia.

"Sasa siku ile mliandikishwaje?"

"Niliweka kidole, mashine ikakubali," alisema wa kwanza.

"Niliweka kidole, mashine ikakubali," wa pili.

Walisema vizuri mno, kama watoto wa darasa la kwanza mbele ya mgeni rasmi. Mkaguzi alisikiliza wote bila kukatiza. Bibi Kokoto naye alipoulizwa akasema vilevile. Dirishani binti yake akashusha pumzi.

"Amebaki mmoja," Mkaguzi akasema, akaita jina ambalo hakuna aliyelijua. Watu wakatazamana. Akageuza kompyuta ili waone picha.

"Ah, Fundi Saa!" Dobi akasema. "Huyo mama utaita mpaka koo likauke. Tumemzika kabla ya mvua za mwaka jana. Mimi mwenyewe nilishika jeneza upande wa miguu."

"Ameacha mke? Watoto?"

"Hakuacha hata paka."

"Mbona mwezi uliopita amechukua ruzuku? Na mwezi ule mwingine. Hajaruka hata mmoja tangu afe."

Pangaboi likasimama lenyewe, kana kwamba nalo linataka kusikia.

Bibi Kokoto hakuwa mtu wa hesabu, lakini kuna hesabu zinazojijumlisha zenyewe. Fundi Saa amezikwa. Gumba halikuzikwa. Na baada ya mazishi yale, mabati. Alimgeukia mkwewe. Karani alikuwa ameinua uso, anatazama dari la ukumbi vilevile alivyotazama paa la chumba chake jana. Kumbe hakuwa anakagua misumari.

Kila usiku wa mvua, alikuwa amejilaza chini ya marehemu.

Mkaguzi akafunga kompyuta nusu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sikilizeni, wazee wangu. Kila mtu kwenye mfumo lazima awe na alama yake, au awe na maelezo kwa nini hana. Nyie alama hamna, maelezo mmenipa wimbo. Na katikati yenu yupo maiti anayekula. Nikirudi hivi hivi, nitaandika kwamba kundi lote halina uthibitisho, liondolewe. Sitapenda. Lakini nitaandika."

Dobi alikuwa anajitazama viganja. Nyumbani alikuwa na mke mgonjwa ambaye dawa zake zilinunuliwa kwa ile ruzuku. Hilo mtaa mzima ulilijua, na Karani alilijua zaidi ya wote. Lakini Dobi, kama wenzake, alikuwa ameapa kusema sauti moja, na pamoja na mdomo wake wote hakuwa mtu wa kuvunja kiapo.

Bibi Kokoto akainuka. Alimtazama binti yake dirishani, na binti akatikisa kichwa, polepole, hapana, mama, hapana. Kisha bibi akavuka ukumbi mpaka kwenye kiti cha ukutani, akanyoosha mkono.

"Mkwe," alisema, "njoo tuweke kama siku zote."

"Mama..."

"Njoo, baba. Mimi natetemeka."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema bibi amechanganyikiwa, na nani angembishia? Lakini alikuwa amezoea mkono ule. Akainuka, akaushika, wakaenda mezani kama bwana na bibi harusi wasiotaka kuoana. Mkaguzi akafungua tena kompyuta kwenye jina la bibi. Karani akaulaza mkono ule juu ya wake, akashusha gumba.

Kijani. Na picha ya Bibi Kokoto ikajaa kwenye kompyuta, anacheka.

"Sasa unajua kwamba sisi tupo," bibi akamwambia Mkaguzi. "Na kidole unakijua ni cha nani. Hakukiuza. Hatukumpa hata chumvi."

Mkaguzi hakupiga kelele. Alimtazama Karani. "Kulikuwa na kitufe cha wasiosomeka vidole."

"Kilikuwepo. Nilikibonyeza. Waliobonyezewa mpaka leo wanasubiri jibu lenu."

Mkaguzi akainamisha kichwa. "Hilo nitalibeba mimi," akasema. "Na Fundi Saa? Yeye naye alikuwa anasubiri nini?"

Karani akainua tena macho darini.

"Mabati," Bibi Kokoto akasema. "Andika mabati. Yapo juu ya chumba changu. Na uandike kwamba nililala chini yake nikayasifu."

Kutoka dirishani ikasikika sauti moja tu, kama ya mtu aliyekanyaga msumari. Bibi alipogeuka, binti yake hakuwepo.

*

Karani alisimamishwa kazi, kesi ikafunguliwa, na kesi za namna hiyo mwendo wake ni wa kinyonga mwenye kigugumizi cha miguu. Hakulala ndani, alidhaminiwa. Lakini mshahara ulikatwa, na shati likaacha kupigwa pasi. Mtaani watu waligawanyika. Wapo waliosema bibi amewaokoa. Wapo waliosema mtu anayemtoa mkwewe sadaka atashindwa nini, na waliosema hivyo kwa sauti zaidi walikuwa wale wale waliorudishiwa ruzuku.

Maana walirudishiwa. Mkaguzi alitimiza aliyoyasema. Baada ya muda alirudi na maelekezo mapya. Mzee asiyesomeka vidole atapigwa picha kila mwaka, naye ataje mwakilishi: mtu anayemwamini, ambaye vidole vyake vyote vimo tayari kwenye rejista ya raia, atakayeweka kidole chake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe, mzee akiwa amesimama hapohapo. Mzee akifa, rejista ya vifo inamfunga siku hiyohiyo. Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba mtu alijiuliza kwa nini halikufikiriwa mwanzo, na jibu ni kwamba waliotengeneza mfumo wa mwanzo wote walikuwa na vidole.

"Mwakilishi wako nani, bibi?" Mkaguzi aliuliza, mikono kwenye kibodi.

"Mimi nipo," Dobi akasema kutoka nyuma.

"Wewe una vidole gani, sabuni? Kaa chini." Kisha akamgeukia Mkaguzi. "Andika binti yangu."

Mkaguzi alikuwepo siku ile. Alilijua lile dirisha. "Atakuja kweli?"

"Sijui."

"Tungeweza kuandika jirani. Asipokuja, siku hiyo hupati kitu."

"Umeniuliza ninayemwamini. Hukuniuliza anayeniamini. Andika."

Binti alikuwa hajakanyaga kwake tangu siku ya ukumbi. Wajukuu walipita njia ya nyuma. Alama moja tu ilionyesha kwamba alifika: siku moja bibi alirudi kutoka kisimani akakuta nyundo yake ya zamani haipo nyuma ya mlango. Jirani alimwambia apige kelele za mwizi. Bibi Kokoto hakupiga. Nyuma ya mlango ule hapajulikani na mwizi. Panajulikana na aliyekulia mle ndani.

Siku ya malipo ilifika. Foleni ilinyooka kutoka dirishani mpaka kwenye mtaro, watu wawili wawili, kila mzee na mwakilishi wake. Dobi alikuwa na mpwa wake, na alikuwa anawaeleza watu jinsi alivyomtisha Mkaguzi, kila mara Mkaguzi anazidi kuwa mrefu. Bibi Kokoto alisimama peke yake. Wa nyuma yake wakaanza kumpita, kwanza kwa kuomba radhi, kisha bila kuomba. Naye aliwaruhusu, anatania, "Piteni, piteni, mimi nasubiri wasindikizaji wangu, wamechelewa na matarumbeta," mpaka foleni ikaisha na karani mpya akaanza kukunja nyaya.

Ndipo binti akatokea.

Hakusalimia. Alikuja na nguo za kazi, mikono ya kijivu hadi viwikoni, vumbi limemkaa hata kwenye kope. Bibi Kokoto alilijua vumbi lile kama mtu anavyojua harufu ya nyumba yake. Binti akapita mbele, akaweka gumba kwenye kioo.

Nyekundu. Kifaranga kikalia.

Binti akafuta gumba kwenye gauni, akaweka tena. Nyekundu. Karani mpya akasema labda kesho. Binti akasimama pale, mkono juu ya kioo, kidevu kinamcheza kama alipokuwa mtoto akikataa kulia.

Bibi Kokoto akauchukua ule mkono. Akautemea mate kidogo, akausugua kwa upindo wa gauni lake, polepole, mpaka ngozi ikaonekana. Ile michoro ilikuwepo bado, lakini ukingoni, upande wa nyundo, imeanza kuchakaa. Akaupuliza. Akaushusha mwenyewe kwenye kioo, mkono wake juu ya wa binti.

Taa ilifikiri. Kisha ikawa kijani.

"Mwezi ujao leta kidole kidogo," bibi akasema, bila kumtazama. "Nyundo huwa haikifikii."

Binti akautoa mkono. Hakuutoa kwa haraka. Alikuwa anatazama barabara, upande wa machimbo, ambako wenzake walikuwa wanamsubiri.

"Mpini wa ile nyundo yako umelegea," akasema. "Jana kichwa kiliruka."

"Uloweke kwenye maji usiku kucha. Mti ukivimba utakaza."

Binti akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akaondoka.